Umbo Halitoshi: Jinsi Bakteria Walivyopata Majina

Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga mimea na wanyama kwa jenasi na spishi, alikwama alipofika kwa viumbe wa hadubini. Katika chapa ya 12 ya kitabu chake Systema Naturae, aliyoitoa miaka ya 1760, aliwakusanya katika jenasi moja akaiita Chaos, yaani vurugu. Mtu aliyezoea kutenganisha maua kwa kuhesabu sehemu zake hapa hakuona cha kuhesabu.

Si kwamba viumbe hao walikuwa hawajulikani. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliiandikia Royal Society ya London mwaka 1676 akieleza vidudu alivyoviona katika maji aliyoloweka pilipili manga. Mwaka 1683 akaandika tena, safari hii kuhusu vile alivyovikwangua kwenye meno yake. Alichora vijiti, vidonge na nyuzi zilizojisokota. Majina hakuwapa, wala hakuwa na njia ya kujua kama kijiti alichokiona leo ni ndugu wa kijiti cha jana.

Njia hiyo ilichukua zaidi ya miaka 200 kupatikana, na haikutokana na ubora wa hadubini peke yake. Ilipatikana mochwari, jikoni, kwenye maji taka na wodini, kila mara mtu alipolazimika kuwatenganisha bakteria wawili wanaofanana.

Mtaalamu wa mimea wa Breslau

Mpangilio wa kwanza wenye uzito ulitoka kwa Ferdinand Cohn, aliyezaliwa mwaka 1828 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, chuo kikuu cha mji wake hakikumruhusu kufanya mtihani wa shahada, ikambidi akaichukue Berlin. Alirudi nyumbani na kuwa profesa wa mimea. Mwaka 1872 alichapisha kazi iliyowagawa bakteria katika makundi manne kwa kufuata maumbo: wa duara, vijiti vifupi, vijiti virefu na waliojisokota. Majina Bacillus na Micrococcus, ambayo kila mwanafunzi wa maabara anayajua, yamo katika kazi hiyo.

Cohn mwenyewe aliona udhaifu wa kipimo chake. Alitahadharisha kwamba bakteria wawili wenye umbo moja wanaweza kufanya kazi tofauti kabisa: mmoja akatoa rangi, mwingine akachachua kinywaji, wa tatu akaleta ugonjwa. Hata hivyo alishikilia jambo moja, kwamba spishi zao ni za kweli na kila moja huzaa wa aina yake.

Hilo halikukubaliwa na wote. Carl von Nägeli, mtaalamu mashuhuri wa mimea mjini Munich, aliamini kwamba bakteria hubadilika ovyo kutoka umbo moja kwenda jingine na kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kama ingekuwa hivyo, kutambua bakteria kungekuwa kazi bure. Anayechachua maziwa leo angeweza kuleta kipindupindu kesho, na jina la jana lisingemfaa daktari kitu.

Tarehe 30 Aprili 1876 aliingia Breslau daktari wa wilaya kutoka mji mdogo wa Wollstein. Alikuwa na umri wa miaka 32, hakuwa profesa, na jina lake halikujulikana na mtu. Huyo alikuwa Robert Koch. Kwa siku tatu alimwonyesha Cohn na wenzake maisha yote ya bakteria wa kimeta: kijiti kinarefuka kuwa uzi, ndani ya uzi zinajengeka spora, na spora zikipata chakula zinakuwa vijiti tena. Akichomwa navyo, panya hufa kwa kimeta, si kwa ugonjwa mwingine. Cohn aliichapisha kazi hiyo katika jarida lake mwaka uleule. Mabadiliko ya umbo yalikuwepo kweli, lakini yalikuwa hatua za kiumbe kimoja, na mwisho wa mzunguko bakteria wa kimeta alibaki kuwa wa kimeta.

Ujuzi wa jikoni

Kabla ya kumtambua bakteria ni lazima kumtenga na wenzake. Tone la maji machafu lina aina nyingi kwa pamoja, na katika mchuzi wa nyama, ambao watafiti wa zamani waliutumia kuotesha vimelea, wote huchanganyika. Koch alitazama vipande vya viazi vilivyochemshwa na kuachwa wazi, akaona vitone vya rangi mbalimbali vimeota juu yake. Kila kitone kilikuwa na bakteria wa aina moja tu, uzao wa seli moja iliyoangukia pale. Vitone hivyo ndivyo makoloni. Kwa hiyo chakula kigumu kilikuwa na faida ambayo mchuzi haukuwa nayo: kila bakteria anabaki alipoangukia.

Koch akaugandisha mchuzi kwa gelatini, na mwaka 1881 akaionyesha mbinu hiyo London mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari. Lakini gelatini huyeyuka kabla ya kufikia nyuzijoto 37, joto la mwili ambalo bakteria wengi wa magonjwa hulipenda, na bakteria wengine huila.

Suluhisho lilitoka kwa Fanny Hesse, mzaliwa wa New York aliyeolewa na Walther Hesse, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Koch. Fanny alimsaidia mumewe kazini na kumchorea michoro. Nyumbani aligandisha vitu vyake vitamu kwa agari, unga wa mwani mwekundu, maarifa aliyoyapata utotoni kwa majirani Waholanzi waliowahi kuishi Java. Mume alipolalamika kwamba gelatini yake inayeyuka wakati wa kiangazi, mke alimshauri ajaribu agari. Agari huhitaji joto linalokaribia la maji yanayochemka ili iyeyuke, na ikishaganda hubaki imeganda hata kwenye nyuzijoto 37. Koch aliitaja agari katika ripoti yake ya mwaka 1882 kuhusu bakteria wa kifua kikuu, bila kutaja ilikotoka. Mwaka 1887 msaidizi wake Julius Richard Petri alieleza kisahani chenye mfuniko ambacho mpaka leo kina jina lake. Jina la Fanny Hesse halikuwekwa kwenye chombo wala chakula chochote, ingawa hakuna maabara ya bakteria inayofanya kazi bila agari.

Rangi iliyogoma kutoka

Mwaka 1884 kijana wa Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akifanya kazi na Carl Friedländer katika chumba cha kupasulia maiti cha hospitali ya jiji. Walichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Shida yao ilikuwa kwamba rangi iliyowapata bakteria iliipata na nyama ya pafu, hivyo mdudu na pafu vikafanana. Gram alipaka rangi ya urujuani, akaongeza maji ya iodini, kisha akaosha kwa alkoholi. Nyama ikapoteza rangi, na bakteria wengi wa nimonia wakabaki na urujuani wao.

Lakini si bakteria wote. Baadhi yao, wakiwemo wa homa ya matumbo, walipoteza rangi pamoja na nyama. Gram aliyekuwa akitafuta rangi ya kuwaonyesha bakteria wote aliihesabu hali hiyo kuwa kasoro. Katika ripoti yake alikiri kwamba mbinu bado ina upungufu, akatumaini kwamba wengine wataiboresha. Waliofuata waliongeza rangi nyekundu ya mwisho ili waliopoteza urujuani nao waonekane, wakagundua kwamba ile kasoro ndiyo faida. Dunia ya bakteria ilikuwa imegawanyika sehemu mbili kubwa kwa kipimo cha dakika chache.

Sababu ilieleweka baadaye sana. Bakteria wanaobaki na urujuani wana ukuta mnene, na alkoholi ikiukausha ukuta huo rangi hunaswa ndani. Wale wanaopoteza rangi wana ukuta mwembamba wenye utando wa mafuta kwa nje. Alkoholi huuvunja utando huo na rangi hutoka. Ukuta huohuo ndio unaoamua dawa gani ya antibayotiki itapenya, na kwa sababu hiyo daktari wa leo bado huulizia jibu la Gram hata kabla ya kujua jina la bakteria.

Wawili wa tumboni

Mwaka 1880 Karl Joseph Eberth aliona vijiti katika wengu na tezi za watu waliokufa kwa homa ya matumbo. Mwaka 1884 Georg Gaffky, mwanafunzi wa Koch, alifanikiwa kuviotesha. Mwaka uliofuata Theodor Escherich, daktari wa watoto mjini Munich, alieleza kijiti alichokikuta katika choo cha watoto wachanga wenye afya njema. Alikiita Bacterium coli commune, bakteria wa kawaida wa utumbo mpana.

Vijiti hivyo viwili vilikuwa na umbo moja na urefu mmoja. Vyote vilitembea, na vyote vilipoteza rangi ya Gram. Mmoja anaua na mwenzake anaishi kwa amani ndani ya matumbo ya binadamu, na wote wanaweza kuwamo katika choo kimoja na katika maji ya kisima kimoja. Mpangilio wa Cohn wa maumbo haukuweza kusema lolote hapo, wala rangi ya Gram.

Ndipo watafiti walipoacha kutazama sura wakaanza kutazama matendo. Ilionekana kwamba bakteria wa Escherich huchachua laktosi, sukari ya maziwa, akatoa asidi na gesi, na wa homa ya matumbo hawezi. Alfred MacConkey, Mwingereza aliyewahi kuchunguza bakteria wa maji taka kwa ajili ya tume ya serikali, aliigeuza tofauti hiyo kuwa chakula cha maabara. Katika agari aliyoieleza mwaka 1905 alitia chumvi za nyongo ili kuwazuia bakteria wasiozoea utumbo, akatia laktosi, na akatia rangi inayogeuka nyekundu penye asidi. Ukipaka choo juu yake na kukiacha usiku kucha, asubuhi makoloni ya bakteria wa kawaida huwa mekundu au waridi, na ya yule wa homa ya matumbo huwa hayana rangi.

Maswali mengine yalifuata, kila moja na tyubu yake. Anatoa gesi? Herbert Durham alipendekeza mwaka 1898 tyubu ndogo iliyopinduliwa ndani ya kubwa, ili kiputo cha hewa kijionyeshe chenyewe. Anatengeneza indoli kutokana na protini? Anaweza kuishi kwa sitrati pekee? Majibu ya ndiyo na siyo yalipangwa katika majedwali, na kutambua bakteria kukawa kulinganisha safu ya majibu na jedwali. Vifaa vya plastiki vilivyoingia sokoni miaka ya 1970, vyenye visima 20 vidogo na majibu yanayofupishwa kuwa namba, vilifanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi.

Damu yatoa ushahidi

Mwaka 1896 Max Gruber na huyo Durham, wakiwa Vienna, walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyechomwa bakteria fulani huwafanya bakteria wa aina ile wagandamane. Mwaka huohuo Fernand Widal wa Paris aliitumia hali hiyo kwa wagonjwa: damu ya anayeshukiwa kuwa na homa ya matumbo huchanganywa na bakteria wanaojulikana, kisha hutazamwa kama watagandamana. Kipimo cha Widal bado kinatumika katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, na udhaifu wake unajulikana. Mtu aliyewahi kuugua zamani au kuchanjwa huwa na kingamwili zilezile zinazowagandamanisha bakteria hao, na bakteria wa jamii ya karibu huweza kuziamsha.

Kipimo hicho kinaweza pia kugeuzwa: kingamwili zinazojulikana zikatumiwa kumtambua bakteria asiyejulikana. Kwa njia ya aina hiyo Kiyoshi Shiga, mwaka 1897, alimpata bakteria wa kuhara damu wakati wa mlipuko uliowapata zaidi ya watu 90,000 nchini Japani. Katika choo chenye bakteria chungu nzima alimtafuta yule anayegandamanishwa na damu ya wagonjwa wa ugonjwa huo.

Philip Bruce White wa Uingereza na Fritz Kauffmann, Mjerumani aliyehamia Copenhagen mwaka 1933, waliifikisha mbinu hiyo mbali zaidi katika jamii ya Salmonella, ambamo bakteria wa homa ya matumbo yumo. Kwa kuchunguza alama za juu ya seli na za mikia yake, orodha yao imefikisha aina zaidi ya 2,500. Nyingi zina majina ya mahali zilipopatikana mara ya kwanza. Ipo Dublin, ipo Kisangani, ipo Zanzibar. Aina iliyopewa jina la Dar es Salaam ndiyo iliyozaa jina la spishi ndogo nzima, salamae.

Kosa la Entebbe

Hata vipimo vilipoongezeka, iliwezekana kumtambua bakteria barabara na bado kukosea. Mwaka 1902 Royal Society ilituma tume Uganda, ambako ugonjwa wa malale ulikuwa ukifyeka vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria. Mmoja wa wajumbe wa tume alikuwa Mwitalia kijana, Aldo Castellani. Huko Entebbe aliotesha streptokoki kutoka katika miili ya waliokufa, akaripoti kwamba ndio chanzo cha ugonjwa. Bakteria walikuwa streptokoki kweli, lakini walikuwa wamemvamia mgonjwa aliyekwisha dhoofika. Castellani huyohuyo ndiye aliyeona trypanosoma, chanzo halisi cha malale, katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce aliyewasili mwaka 1903 akaufuatilia ushahidi huo mpaka kwa mbung'o anayeueneza ugonjwa.

Mwaka 1919 Castellani, akishirikiana na Albert Chalmers, alitoa chapa ya tatu ya kitabu kikubwa cha tiba za nchi za joto. Humo bakteria wa Munich aliingizwa katika jenasi mpya, Escherichia, na bakteria wa Japani katika jenasi nyingine, Shigella. Kitabu kimoja kiliwapa koo mbili.

Nasaba iliyofichwa

Kufikia wakati huo majina yalikuwa yamejaa vurugu ya aina nyingine. Bakteria mmoja aliweza kuwa na majina kadhaa, moja kwa kila nchi iliyomgundua. Mwaka 1923 David Bergey na wenzake nchini Marekani walitoa mwongozo wa kutambua bakteria ambao ulikuja kuwa rejea ya maabara za dunia. Ulikuwa msaada mkubwa kazini, ila kuhusu nani kazaliwa na nani ulikuwa ukikisia. Kula laktosi kunaeleza tabia na hakuthibitishi undugu. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1980, wanasayansi waliyafuta majina yote ya zamani isipokuwa yaliyokubaliwa katika orodha moja rasmi, na kati ya makumi ya maelfu yakabaki chini ya 3,000.

Njia ya kusoma nasaba yenyewe ilikuwa imekwisha kupatikana Urbana, jimboni Illinois. Mtu anayechunguza hati za tenzi za Pate na Lamu, zilizonakiliwa kwa mkono, hutazama makosa ya wanakili: nakala mbili zenye kosa moja zimetoka katika hati moja. Carl Woese aliwachunguza bakteria vivyo hivyo. Alichagua RNA ya ribosomu iitwayo 16S, yenye herufi kama 1,500, kwa sababu kila bakteria anayo na hubadilika polepole sana. Kwa miaka mingi aliikatakata kwa vimeng'enya na kuvisoma vipande vyake kwenye filamu za eksirei. Mwaka 1977 yeye na George Fox walitangaza kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani, vilivyohesabiwa siku zote kuwa bakteria, vina nasaba ya mbali kabisa. Leo vinaitwa arkea. Hadubini isingeliona hilo kamwe, kwa kuwa kwa umbo ni vijiti na viduara kama vingine vyote.

Baada ya hapo kusoma DNA kukawa rahisi mwaka hadi mwaka, na katika karne hii maabara kubwa zimepata mashine zinazopima uzito wa protini za koloni na kutaja jina kwa dakika chache. Ilitazamiwa kwamba nasaba ingemaliza ubishi wote.

Haikuumaliza. Miaka ya 1970 DNA za Escherichia coli na Shigella zilipolinganishwa, zilionekana kuwa za spishi moja. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba Shigella si hata tawi moja. Amechipuka zaidi ya mara moja kutoka ndani ya E. coli. Koo mbili za mwaka 1919 zilikuwa ukoo mmoja. Kwa 16S huwezi kuwatenganisha, na mashine ya protini nayo huwachanganya kirahisi. Maabara inayotaka uhakika hurudi kwa maswali ya zamani: anachachua laktosi? anatoa gesi? anatembea? anagandamana na kingamwili gani? Jibu lina uzito, kwa sababu Shigella wachache sana wanatosha kumwangusha mtu kwa kuhara damu, na E. coli wengi wanaoishi tumboni hawana madhara. Jina Shigella limebaki.

Bakteria wa tauni, ugonjwa uliozuka Lushoto, nchini Tanzania, mwaka 1980, aliletwa mbele ya sheria kwa sababu hiyohiyo. DNA yake inalingana mno na ya Yersinia pseudotuberculosis, bakteria ambaye kwa kawaida huleta maradhi ya tumbo tu, hata ikapendekezwa awe spishi ndogo ya huyo. Kanuni za kimataifa za majina ya bakteria zina kipengele kinachoruhusu kulikataa jina linaloweza kuhatarisha maisha. Mwaka 1985 kamati ya kanuni hizo ililikataa jina jipya, kwa hofu kwamba mtu wa maabara au daktari angelisoma na kudhani ana kitu kidogo mkononi. Kwa hiyo wale wanaofuatilia nasaba wana miti yao ya ukoo, nayo ni sahihi, lakini jina linaloandikwa kwenye majibu ya mgonjwa ni Yersinia pestis, kwa sababu majibu hayo huandikwa ili mtu apate tiba inayomfaa.